Safu ya 1143

Nimeanza kwenye L.
Faharasa ya mwaka ule ina herufi ndogo kama sisimizi,
na feni ya maktaba hapa Langoni
inazunguka kwa kusitasita
kama shahidi.
Laikipia. Lambwe. Lamu.
Lamu: angalia Pwani.
Nikaenda Pwani.
Pwani: angalia Mombasa.
Nikaenda Mombasa, nikakaa huko asubuhi nzima
na makuli, na ushuru, na makreni,
nisione hata jiwe moja la kwetu.

Bi Barke ndiye aliyenituma.
"Tulitia dole gumba," alisema, "wakunga saba wa Kipungani.
Wino wa zambarau, siku tatu hautoki,
kila mkate nilioukanda una alama yangu.
Tuliomba mashua ya mashine, ya kubebea wazazi.
Mheshimiwa akatuapia: nitauliza.
Basi nenda ukatizame kama aliuliza."

Nimeiacha faharasa. Nasoma safu kwa safu,
kwa kidole, kama mtoto wa chuo.
Pareto. Reli. Nidhamu, Bwana Spika, nidhamu!
Mheshimiwa mmoja anataka kujua
nani amekalia kiti chake.
Mchwa wamepita katikati ya Mswada wa Ngozi,
wametafuna kifungu cha nne chote,
na mswada, nadhani, ulipita hivyo hivyo.

Halafu Jumatano, saa tisa na robo,
safu ya 1143, chini kabisa,
chini ya mbolea:

Swali namba 212. Je, Waziri anajua
kwamba akina mama kadhaa wa kisiwa cha Lamu
hujifungulia njiani kwa kukosa chombo?

Nikasimama. Nikaketi tena.
Aliuliza. Mtu yule hakuwa mwongo.

Waziri Msaidizi: Bwana Spika, kwani
punda wa Lamu wamegoma?
(Kicheko)

Nikafunua. Nikadhani kurasa mbili zimegandana,
nikazipuliza, nikazipitishia ukucha.
Hazikugandana. Upande wa pili ilikuwa kahawa.
Kahawa ina kurasa tisa.

Nilimsomea nyumbani, nakala ya mkono,
maana mashine ya kunakili haikuwa na wino.
Nilitaka kuyaruka mabano.
Lakini mama yule amepokea watoto zaidi ya mia tatu,
anaijua pumzi ya mtu anayezuia kitu.
"Hapo umemeza nini?"
Kicheko, bibi.
"Kicheko nacho kimeandikwa?"
Kimeandikwa.
"Cha nani?"
Haisemi.
"Cha wangapi?"
Haisemi.
Akahesabu kwa vifundo vya vidole, taratibu:
Tima wa Shee, kwenye mikoko ya Matondoni, usiku.
Zaharia na pacha wake.
Yule mgeni kutoka Ndau
ambaye hatukuwahi kumuuliza jina.
"Na hawa hawamo?"
Wamo ndani ya "kadhaa".
"Kadhaa," akasema,
akalionja neno kama wali ulioungua.
Kisha: "Kesho rudi. Chukua penseli."

Bwana Famau, mtunza vitabu, ana sheria zake:
hakuna kalamu, hakuna chai, hakuna kukunja kona.
Lakini adhuhuri huenda kuswali
na funguo huziacha juu ya meza.
Pembeni mwa safu nimechora mabano mawili,
membamba, kama kucha zilizokatwa,
na ndani yake, kwa herufi za kuiga chapa,
nikaandika nilivyoagizwa:

(Barke binti Kupi hakucheka)

Nafasi ilibaki. Nikamtia Tima.
Nikamtia Zaharia, na pacha, wawili, bila majina
kwa kuwa hawakufika siku ya saba.
Mgeni wa Ndau nikampimia upana wa kidole,
pakavu, peupe,
penseli ingali hewani
niliposikia makubadhi ya Bwana Famau
yakipanda ngazi.